Ngwe ya Pembeni

Pombe ya Loisi iliiva Jumamosi alfajiri, na pombe ya mtama ikishaiva haiambiwi subiri. Mitungi minne ilikuwa imepangwa ukutani jikoni ikitoa povu, na wa tano, mdogo, ulikuwa na togwa kwa ajili ya jirani yake Rukaya na wenzake wasiogusa kilevi. Loisi alichovya kata, akaonja, akaridhika. Ilikuwa pombe ambayo mwanamke anaweza kuwapa watu bila kuinamisha macho. Ndiyo maana yaliyofuata siku hiyo yalimuuma mara mbili.

Mtu asiyejua atasema pombe ni pombe tu. Basi na aende akaipike. Wiki mbili nzima Loisi alikuwa analoweka mtama, anauotesha chini ya magunia, anaanika kimea, anasaga kwa jiwe kwa sababu mashine ya kijiji haikuwa na dizeli, anateka maji, anapika, anapoza, anapika tena. Na mtama huo ulikuwa chakula. Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na tano, ghala zimebaki vumbi, watu wanashindia mlenda na uji mwepesi, na yeye, mjane wa miaka hamsini na mbili, alichukua madebe yake matatu ya mwisho akayatia majini. Hakuwa na kichaa. Mvua ilikuwa imechelewa kuanza, na ilipoanza iliotesha magugu kabla ya kitu kingine chochote. Shambani kwake magugu yalikuwa yameupita uwele kwa kimo, na kiduha kilikuwa kimeanza kutoa vimaua vyake vya zambarau, vizuri kuvitazama, huku mizizi yake inanyonya chakula cha watu. Eka nne hizo, peke yake na jembe moja, zingemchukua mwezi. Uwele haukuwa na mwezi. Ulikuwa na wiki moja, na zaidi ya hapo asingevuna kitu.

Watu arobaini wangezipalilia kwa siku moja, na watu arobaini walikuwapo.

Kwao, Usandawe, nyuma kabisa ya Kwamtoro ambako lori hufika likiwa limekasirika, mambo haya huitwa mwaliko, na yana utaratibu wake. Unapika pombe, pembe ya tandala inapulizwa, watu wanakuja na majembe yao. Hakuna mshahara. Siku yoyote wenzako wakipuliza pembe, nawe unakwenda. Watu husimama mstari mmoja, kila mtu na ngwe yake, kipande chake cha kulima, na ngwe ya pembeni kabisa, ile inayopakana na pori, ni ya mwanamume wa damu ya mwenye shamba. Ni ngwe mbaya kuliko zote. Ina miiba, ina visiki, ina nyoka. Lakini mwenye ngwe hiyo ndiye anayepiga jembe la kwanza, na mwendo wake ndio mwendo wa mstari mzima. Asipopiga yeye, hakuna mwingine anayeinua jembe. Akiwa safarini, au kalala mgonjwa, mzee mmoja wa kijiji humshikia nafasi. Ila akiwa yupo nyumbani, mzima wa afya, anakula na kushiba, hakuna mtu wa kumshikia, kwa sababu kumshikia nafasi mtu wa namna hiyo ni sawa na kutangaza kwamba amekufa.

Ngwe ya pembeni ya Loisi ilikuwa ya Sila, mdogo wake.

Mama yao alifariki Sila akiwa bado anatambaa, Loisi ana miaka kumi na mitatu. Loisi ndiye aliyembeba mgongoni akienda kulima, akamlaza kwenye kanga chini ya kichaka, akamtafunia viazi, akampiga alipostahili kupigwa. Sila alipofaulu kwenda sekondari Dodoma, baba yao, Mzee Yotham, alibaki bila mtoto wa kiume shambani, na kijiji hakikumwacha. Kila mwaka mstari ulikuja. Kila mwaka Mzee William, mpuliza pembe wa kijiji, alisimama kwenye ngwe ya Sila na kusema kwa sauti watu wasikie, "Hapa ni mahali pa Sila, mimi nimemshikia tu." Sila alimaliza sekondari, akapata ukarani katika shirika la umma mjini, akaoa, akanenepa. Loisi akaolewa, akazaa binti mmoja, Violeth, akafiwa na mume, akarudi kulima kwenye ardhi ya baba yake. Miaka ishirini na mmoja Mzee William alishika nafasi ya mtu ambaye alikuja likizo mara nne.

Mwaka tisini na mbili shirika likauzwa. Sila alipunguzwa kazini na wenzake, akapewa kiinua mgongo, akarudi nyumbani na kabati la vyombo, redio ya kaseti, mke wa mjini na maneno mapya. Soko huria. Mtaji. Kila mtu ruksa. Kijiji kilimpokea kwa vigelegele. Kilimpa eka ishirini na tano ng'ambo ya mto, pori zuri lenye udongo mweusi, na hakuna aliyemuuliza atalilima kwa mikono ipi, maana jibu lilijulikana. Alizeti ilikuwa inatafutwa na walanguzi mpaka Kibaigwa, na Sila aliyekuwa amesahau hata jina la mjomba wake aliukumbuka mwaliko vizuri sana.

"Dada," alimwambia Loisi mwaka ule wa kwanza, "nipikie pombe. Niite watu kama wazee walivyofanya."

Loisi alilia kwa furaha. Alipika mitungi tisa. Watu sitini walikuja, wengine kutoka vijiji vya jirani, na Sila alivua shati, akasimama kwenye ngwe yake ya pembeni, akapiga jembe la kwanza, la pili, pengine na la ishirini. Kisha akaenda kunywa maji na hakurudi. Watu wakacheka kidogo. "Hiyo mikono ni ya kalamu," Loisi aliwaambia, "itazoea." Mwaka wa pili hakuvua shati. Aliletewa kiti cha kukunja, akakaa kwenye kivuli cha mwavuli na redio yake, akawa anaelekeza kwa kidole. Jirani yao Ester na mumewe walipopuliza pembe yao, Sila alituma udhuru na kilo ya sukari. Kwa Mzee William, yule yule aliyemshikia nafasi miaka ishirini na mmoja, hakutuma hata udhuru. Watu wakaanza kunong'ona, na kila waliponong'ona Loisi aliwarukia kama kuku mwenye vifaranga. Ana malaria. Ana wageni. Mnamwonea wivu. Alijitia hamnazo kwa sababu alimlea mwenyewe, na kumkosoa Sila kulikuwa kama kujikosoa.

Lakini lililokuwa linamsumbua si hayo aliyowaambia watu. Ni lile alilomwambia baba yake.

Mzee Yotham alikuwa haoni tangu miaka saba iliyopita. Ni mtoto wa jicho, na Sila alikwisha ahidi mara tatu kumpeleka mjini akapasuliwe. Siku za mwaliko mzee huyo alibebwa hadi shambani akakalishwa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasikiliza. Alikuwa mkali na msumbufu, na masikio yake hayakukosea. "Ester, mpini wako umelegea." "William anapumzika kila baada ya mapigo kumi, amekuwa mzee kuliko mimi." Alimjua kila mtu kwa sauti ya jembe lake. Siku ile ya mwaka wa pili, huku watu sitini wanalima alizeti na Sila yuko kwenye kiti chake, mzee aligeuza kichwa huku na huku, akauliza, "Mbona simsikii Sila?"

"Yuko upande wa pili wa shamba, baba," Loisi alijibu. "Upepo unapeleka sauti kule."

Sila alikuwa hatua kumi kutoka hapo. Alisikia. Alitabasamu, akapunguza sauti ya redio.

Basi Jumamosi ile, baada ya kuonja pombe yake, Loisi alimwogesha baba yake, akamvalisha shati safi. Mzee alikuwa na furaha kama mtu anayekwenda harusini.

"Leo usinikalishe mbali," alisema. "Niweke kule pembeni, karibu na pori. Nataka kumsikia mwanangu akipiga la kwanza."

"Sawa, baba."

Loisi mwenyewe alikuwa amekwenda kwa Sila Jumapili, akaenda tena Alhamisi, na mara zote mbili Sila alisema, "Nitakuwepo, dada, wala usiwe na wasiwasi." Pembe ilipulizwa jua likiwa chini bado. Watu walikuja na njaa zao na majembe yao, wakapata kata ya kwanza ya kuamshia mwili kama ilivyo desturi, wakasimama kwenye mstari. Arobaini na wawili. Ngwe ya pembeni ilikuwa tupu, na mzee amekaa karibu yake juu ya kinu, mikono magotini, masikio yamesimama.

Wakasubiri. Jua likapanda kiasi cha mkono mmoja. Mzee William akakohoa. Kisha kwenye njia ya mtoni wakatokea wanaume watatu wasiojulikana, wenye majembe mapya yenye lebo za dukani, na mkubwa wao akavua kofia.

"Shikamoo mama. Tumetumwa na Bwana Sila. Amesema tushike nafasi yake. Ameshatulipa."

Mwanamke mmoja mwishoni mwa mstari alicheka kicheko kifupi, akakimeza. Loisi alisikia damu ikimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Miaka mitatu ya kumtetea, kumfunika, kuwagombeza majirani zake kwa ajili yake, ilimrudia yote kwa pamoja, na yote ikiwa na uso wa Sila akitabasamu kwenye kiti cha kukunja.

"Marahaba," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nyinyi hamna kosa, wanangu. Kaeni pale, Ester awape pombe."

"Amekuja?" aliuliza mzee kutoka kwenye kinu.

"Bado, baba. Nakwenda kumwita."

"Tuanze tu, Mama Violeth," Mzee William alimwambia kwa upole. "Jua linatuacha. Magugu hayajui mambo ya watu."

"Haanzi mtu!" Loisi alifoka, akachukua jembe lake begani, akaondoka.

Alitembea kwa hasira njia nzima, na hasira yake haikuwa ya kuomboleza, ilikuwa ya kupiga. Alijua kila nusu saa inayopita ni ngwe nne zinazobaki na magugu. Alijua tumbo lake la mwezi mzima liko kwenye ile mitungi minne na kwamba kesho pombe itakuwa siki. Angeweza kuwaweka wale vibarua pembeni na kazi ikaenda, na jioni angekuwa na shamba safi. Alilifikiria hilo kwa hatua tatu au nne, akalitema.

Nyumba ya Sila ilikuwa na bati, na mbele yake siku hiyo kulikuwa na pikapu nyeupe yenye vumbi jekundu. Sila amekaa barazani, suruali imepigwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa, anakunywa chai na mgeni. Mgeni akainuka mara moja alipomwona mama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Huyu ni Bwana Anuari, ametoka Kibaigwa kuja kutazama alizeti yangu," Sila alisema. "Dada, mbona jembe begani? Watu wangu hawajafika?"

Loisi alimjibu kwa Kisandawe, lugha aliyombembelezea akiwa mgongoni. "Wamefika. Wanakunywa. Inuka twende ukapige jembe la kwanza. Moja tu, Sila. Piga moja, halafu urudi kwa mgeni wako."

"Dada, tuongee Kiswahili, kuna mgeni."

Neno hilo tu lilitosha kumkata maini. Lakini alimeza, akasema kwa Kiswahili, polepole, kwa lugha ambayo haikuwa yake.

"Naomba uje upige jembe moja."

Sila akacheka, si kwa ubaya. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe, kwamba hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa anamweleza dada yake jambo zuri na anashangaa haelewi. "Sikia, dada. Mimi ni mtu mmoja. Tena mikono yangu unaijua. Nimekuletea wanaume watatu wenye nguvu, na hela nimetoa mfukoni mwangu. Watatu kwa mmoja. Hasara yako iko wapi?"

"Ulipotaka kulimiwa eka ishirini na tano hukutuma vibarua. Ulipuliza pembe."

"Na watu walikunywa pombe yangu."

"Pombe yako? Niliipika mimi! Watu sitini, Sila. William ana miaka sabini, amekulimia mara mbili. Walikuja kwa ajili ya tumbo lililokuzaa, hawakuja kwa ajili ya pombe. Ungewalipa kama unavyowalipa wale watatu, hicho kiinua mgongo chako kingeisha kwa siku moja na usingekuwa na alizeti ya kumwonyesha mtu."

Anuari aliweka kikombe chini, akatazama pikapu yake. Uso wa Sila ulikuwa umeanza kukunjamana. Hakupenda mgeni asikie hayo.

"Mambo yamebadilika, dada. Siku hizi ruksa. Anayetaka kulima alime, anayetaka kulipa alipe. Kwani nimekukosea nini? Kuna ndugu wangapi hapa kijijini wanaotoa hela yao?"

"Baba amekaa pembeni mwa pori anakusubiri," Loisi alisema. "Ameoga. Amesema nimweke karibu akusikie."

Kwa kitambo kidogo Loisi aliona kitu kikipita machoni mwa Sila, akadhani amempata. Kisha Sila akaangalia viatu vyake, akaangalia mgeni, akapunguza sauti kama alivyopunguza ile ya redio.

"Mwambie niko upande wa pili wa shamba," alisema. "Kama siku ile."

Loisi alishusha jembe begani. Kama asingekuwapo mgeni angempiga nalo, na hakuwahi kulikana hilo baadaye, hata kanisani. Alimtazama mtoto aliyemtafunia viazi, akatafuta neno la kumwambia, neno likakosekana. Kwa sababu uongo ule ulikuwa wake. Sila hakuutunga. Aliuokota pale pale alipouangusha yeye, akautunza, na leo alimrudishia kama chenji.

Aligeuka akaondoka bila kuaga.

Alirudi shambani jua likiwa kichwani. Mstari ulikuwa umekaa chini, kila mtu kwenye ngwe yake, na kata ya pili haijaguswa na mtu. Hilo nalo lilimuuma. Watu wenye njaa walikuwa wamekaa saa tatu nzima mbele ya mitungi, wakasubiri. Mzee alikuwa bado juu ya kinu, shati limelowa jasho, uso ameuelekeza kwenye ngwe tupu.

"Amekuja?"

Loisi alisimama mbele yake. Watu wote walikuwa wanasikia, na alitaka wasikie.

"Hakuja, baba. Yupo nyumbani kwake, mzima, anakunywa chai. Ametuma vibarua. Na ile siku ya alizeti hakuwa upande wa pili. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na wewe. Nilikudanganya."

Mzee Yotham alishika sikio lake kwa vidole.

"Mwaka mzima," alisema, "nilidhani masikio nayo yanakufa. Nikawa nalala nikisema, macho yamekwenda, sasa na masikio. Nikawa naogopa."

Loisi aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa tayari kupigwa, kutukanwa, kufukuzwa. Hilo hakulitegemea.

"Nipe jembe," mzee alisema.

"Baba..."

"Nipe jembe, nimesema!"

Mzee William alisogea haraka. "Yotham, mimi nitamshikia mtoto. Nimeshazoea hiyo nafasi."

"Humshikii tena. Ulimshikia alipokuwa safari. Leo yupo nyumbani." Mzee Yotham alikuwa ameshasimama, anatafuta jembe hewani kwa mkono. "Mimi ni mwanamume wa damu ya shamba hili, au nimekufa na mimi?"

Loisi alimpa jembe. Mzee alivua katambuga zake, akapapasa ardhi kwa unyayo mpaka akaupata mstari wa uwele, akaweka mguu wa kushoto upande mmoja na wa kulia upande mwingine, akainua jembe, akapiga. Udongo ulipasuka. Pembe ya William ikalia, na watu arobaini wakainuka wakapiga nyuma yake.

Walilima kwa mwendo wa kipofu. Mzee alipiga, akapapasa kwa mguu, akapiga tena. Alipofika kwenye kisiki alikizunguka kwa vidole. Mwiba ulimchoma kisigino, akautoa mwenyewe, akautupa porini kwa tusi. Na kwa sababu hakuona, alikata uwele pamoja na magugu, mashina mazuri yenye afya, hapa mawili, pale matano. Loisi alikuwa kwenye ngwe ya pili, kando yake kabisa. Aliona kila shina lililoanguka, na kila shina lilikuwa uji wa siku moja, na hakufungua mdomo. Hakuna hata mmoja kwenye mstari aliyempita mzee yule kwa hatua moja, ingawa wapo wenye nguvu ambao wangeweza kumaliza ngwe tatu yeye akiwa kwenye nusu ya moja. Wale vibarua watatu walitazamana, wakaweka kata chini, wakaingia katikati ya mstari bila kuambiwa na mtu. Wimbo ulianza taratibu, ukafuata mapigo ya mzee.

Mpaka saa kumi jioni walikuwa wamepalilia eka moja na nusu. Zilibaki eka mbili na nusu, na jua lilikuwa linaelekea milimani. Loisi alikwisha piga hesabu yake kimoyomoyo. Hasira haikuwa imempungua hata kidogo. Ilikuwa imepoa tu, imekuwa nzito, kama ugali uliosahauliwa chunguni.

Hapo ndipo pikapu nyeupe ilipopita njia ya shambani, ikapunguza mwendo, ikasimama. Anuari alikuwa kwenye usukani, Sila pembeni yake, kiwiko dirishani. Walikuwa wanatoka kutazama alizeti. Wimbo ulikuwa umekatika, na Loisi aliweza kusikia yaliyosemwa mle ndani.

"Bwana Sila, yule mzee mbona analima kwa kupapasa? Kwani haoni?"

Mlango ulifunguliwa. Sila alishuka, akaruka mtaro, akaja juu ya magugu yaliyokatwa, na viatu vyake vyeusi vikawa vinavunja vijiti kwa kila hatua. Mstari wote ulisimamisha majembe. Alikuja mpaka kwenye ngwe ya pembeni, akasimama nyuma ya baba yake, akanyoosha mkono kama mtu anayetaka kupokea kitu. Uso wake ulikuwa wa mtoto. Loisi aliujua uso ule. Aliufuta kamasi mara nyingi.

Mzee Yotham aliinua kichwa.

"Nani huyo mwenye viatu?"

Sila alifungua mdomo, lakini Loisi alimwahi.

"Mpita njia, baba."

Mzee alibaki vile vile, kichwa ameinamisha upande mmoja, sikio limeelekea kwenye viatu. Alisikiliza pumzi za mtu yule kwa muda mrefu. Kisha akaukamata mpini wake upya kwa mikono miwili.

"Mpita njia hanyimwi," alisema. "Mpeni kata moja, aendelee na safari yake."

Akapiga jembe. Mstari ukapiga pamoja naye, na wale vibarua pia, na vumbi likainuka kati yao na Sila. Ester aliachia ngwe yake aende kwenye mtungi, lakini Loisi alimzuia. Alikwenda mwenyewe. Alichovya kata, akaijaza mpaka ukingoni kama anavyojaziwa mgeni, akampelekea kwa mikono miwili na goti limekunjwa kidogo, kwa heshima yote ambayo watu wa kwao humpa mtu wasiyemjua.

"Dada," Sila alisema kwa Kisandawe. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa lugha hiyo mwaka ule.

"Kunywa, mgeni," Loisi alimjibu kwa Kiswahili. "Unakokwenda ni mbali."